Sauti Kufika Ubongoni, na Mtu Kuisikia



Swali ninaloleta mbele yenu ni hili: sauti iliyokwisha kufika ubongoni, je, mwenyewe ameisikia? Msimamo wangu ni kwamba si lazima, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa wodini, pale ndugu wa mgonjwa aliyepoteza fahamu wanapouliza kama anawasikia.

Sauti ikiingia sikioni, shina la ubongo huitika kabla ya milisekunde 10 kupita. Mwitikio huo ndio hupimwa kwa watoto wachanga wakiwa usingizini, kujua kama njia ya kusikia ni nzima. Baadaye kidogo huitika gamba la ubongo. Mwaka 1978, Risto Näätänen wa Finland na wenzake walieleza ishara nyingine: mlio uleule ukirudiwarudiwa, kisha ukapenyezwa wa tofauti, ubongo huugundua ugeni huo ndani ya robo sekunde, hata kama mtu anasoma kitabu na milio hana habari nayo. Ishara hiyo imeonekana hata kwa wagonjwa walio katika koma. Ni dalili njema, kwani mwenye nayo ana matumaini makubwa zaidi ya kuzinduka. Lakini haithibitishi kwamba saa ile anasikia chochote.

Mwaka 2008, watafiti Gutschalk, Micheyl na Oxenham waliwapa watu kazi ya kutafuta mlio mmoja unaojirudia katikati ya rundo la milio mingine, huku wakipima uga wa sumaku wa ubongo. Mlio ulikuwa uleule. Mara msikilizaji aliunasa, mara ukampita. Mwitikio wa awali haukutofautiana. Wimbi lililofuata, ndani ya gamba la kusikia lenyewe, lilijitokeza pale tu mtu alipounasa.

Je, hapo ndipo fahamu ilipo? Wapo wanaosema ndiyo. Wengine, Stanislas Dehaene wa Ufaransa akiwa mbele, hushikilia kwamba habari sharti isambae hadi sehemu za mbele na za juu pembeni mwa ubongo, na kwamba alama yake ni wimbi la baada ya milisekunde 300. Wapinzani wao walijibu kwa haki kabisa: huenda wimbi hilo ni la kutoa jibu na kubonyeza kitufe, si la kusikia.

Hoja hiyo ilipata jaribio linaloistahili mwaka 2021. Claire Sergent na wenzake walificha irabu ndani ya kelele, wakaipa viwango tofauti vya nguvu. Mwanzoni ubongo uliitika kulingana na nguvu ya sauti. Kuanzia kama milisekunde 250, njia ziligawanyika: irabu ya nguvu ileile ama iliamsha ubongo kwa upana, ama ilizimika. Mgawanyiko huo ulibaki hata wasikilizaji walipoketi tu bila kuulizwa kitu. Kwangu mimi, huu ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba kusikia kwa fahamu hutukia baadaye.

Hata hivyo, mwitikio huo mpana wa baadaye usipoonekana hatuna ruhusa ya kusema fahamu haipo. Mgonjwa anaweza kusinzia, kuchoka, au kushindwa kufuata jaribio. Kwa hiyo napendekeza taarifa zetu zitenganishe mambo mawili: kama sauti inafika ubongoni, na kama kuna dalili kwamba mgonjwa anaitambua. Kipimo kirudiwe siku tofauti, na ndugu waelezwe majibu yote mawili, kila moja kwa jina lake.