Kuhudhuria Masomo na Zamu za Wodini kwa Vijana Wetu Wasomao Uuguzi
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Ongata Rongai



Bwana Karani alinitaka nieleze kwa nini binti mmoja, ambaye chama humlipia ada ya uuguzi, amerudishwa nyuma na chuo chake, na hali mitihani ya kuandika ameifaulu yote. Wazee kadhaa wameuliza jambo hili kwa uchungu, nao wana haki, maana fedha ni za wanachama. Mimi nilifundisha wauguzi miaka mingi hata nikastaafu, basi nitajibu bila kuficha.

Kwanza habari ya kuingia. Mtoto atakaye diploma ya uuguzi hutakiwa wastani wa C katika mtihani wa KCSE, na C katika Kiingereza au Kiswahili, na C katika Biolojia. Sayansi nyingine na hesabu nazo hutazamwa. Atakaye digrii, kama ile ifundishwayo katika Chuo Kikuu cha Africa Nazarene hapa hapa Rongai, hutakiwa C+. Akishapokelewa, jina lake hupelekwa kwa Baraza la Wauguzi la Kenya, akapewa namba. Baraza la sasa limesimama juu ya Sheria ya Wauguzi ya mwaka 1983, lakini desturi ya kuandikisha wauguzi na wakunga kwa sheria katika nchi hii ilianza tangu mwaka 1949. Asiyetimiza masharti hakai kwenye mtihani wa Baraza, na asiyefaulu mtihani huo hapati leseni, hata cheti chake cha chuo kiwe kizuri namna gani.

Hayo ya alama wazazi wengi wayafahamu. Lisilofahamika ni hili la kuhudhuria. Katika masomo mengine vyuo hudai mwanafunzi awepo theluthi mbili ya mihadhara, vingine robo tatu, na akizidisha kukosa huzuiwa mtihani. Lakini saa za wodini hazina fungu la kusamehewa. Siku uliyokosa ni deni, nawe huilipa kwa kufanya siku nyingine, wodi ile ile, chini ya msimamizi atakayetia sahihi katika kitabu chako. Kitabu hicho ndicho shahidi. Haliandikwi neno la kazi ambayo mwanafunzi ameisoma tu. Huandikwa ile aliyoitenda mbele ya macho ya mwingine.

Wako wasemao huu ni ukali wa Wazungu uliobaki. Kweli Florence Nightingale, alipofungua shule yake katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, alitaka kila mwanafunzi aandikiwe karatasi ya tabia mwezi kwa mwezi, na kufika kwa wakati kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyopimwa. Hata hivyo wakunga wetu wa kale pia hawakumkabidhi binti kazi kwa sababu alisikia habari zake. Alikaa pembeni, akatazama, akashika taa, miaka ikapita.

Niwape mfano mmoja wa wodi ya kina mama, kwa kuwa ndiyo wodi aliyorudishiwa binti wetu. Mama akijifungua hutokwa damu, na tangu zamani wauguzi wamefundishwa kwamba nusu lita ni hatari. Lakini nani aliyewahi kupima damu iliyomwagika juu ya shuka? Jicho hudanganya, tena mara nyingi hukisia chini ya kweli. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua. Wakunga waliwekea kila mama mfuko wenye alama za kipimo, na mara damu ilipofika kiasi cha kuogopwa walitoa matibabu yote kwa pamoja, bila kungoja moja lishindwe ndipo wajaribu jingine. Kutokwa damu kwingi mno, na madhara yake makubwa, kulipungua kwa asilimia 60. Ndugu zangu, mfuko huo hausomwi na asiyekuwapo. Mkono upapasao tumbo kujua kama mji wa mimba umekaza haujifunzi kwa daftari. Na damu haingoji zamu ya mchana.

Sasa nije kwa binti wetu. Nimeomba ruhusa yake, nami nimeziona hesabu. Alikosa siku 9. Siku 4 alikwenda kumzika babu yake, ng'ambo ya Kajiado. Siku 3 nauli ilimwishia. Siku 2 zilizobaki alikuwa hapa Rongai, ameitwa na chama chetu kupokea wageni katika harambee ya kukusanya ada, ada yake mwenyewe ikiwamo! Mimi nilikuwa mmoja wa waliomsifu siku ile kwa adabu yake ya kugawa chai. Hapana hata mmoja wetu aliyeuliza zamu yake ilikuwa ya nani.

Chuo nacho sikitetei kwa yote. Yafaa mzazi aarifiwe siku ya pili ya kukosa, wala si ya tisa. Na mwanafunzi mgonjwa asihesabiwe sawa na mtoro. Deni alilipe, lakini jina lake lisichafuliwe.

Ama kuhusu nauli, nani hapa asiyeijua Barabara ya Magadi asubuhi? Mtoto apandaye matatu ya 125 au 126, au yule wa Kitengela apandaye 110, akitaka kushika zamu alfajiri lazima atoke gizani, na wa zamu ya usiku hurudi wenzake wakienda kazini. Mvua ikinyesha nauli hupanda, na matatu hazimngoji mwuguzi. Wale walioko tawi la KMTC Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, wana shida nyingine, ya umbali na nyumbani. Wakati wa ukame wa 2020 hata 2023 mifugo ilikufa kwa wingi, na baba aliyezoea kuuza fahali akalipa ada alibaki na ngozi. Mkopo wa HELB husaidia, lakini mkopo haujui kwamba fedha ya chakula imekwisha tarehe 20.

Bwana Mwenyekiti, kanuni yetu yasema mwanafunzi arudishwaye nyuma akatwe msaada. Naomba mkutano uibadilishe kabla hatujafunga leo, ili kwanza zitazamwe siku alizokosa na sababu zake; na Karani aandike kwamba chama hakitamwita mwanafunzi yeyote wakati wa zamu. Binti huyu anarudi wodini Jumatatu kulipa siku zake 9. Nauli ya juma hilo imekwisha kupatikana kwa jirani mmoja. Ya majuma yafuatayo bado.