Kapu la Sikukuu na Senene wa Bukoba

Krismasi na Mwaka Mpya zinapokaribia, maduka makubwa ya mijini hupanga makapu yaliyofungwa kwa nailoni inayong'aa na utepe mwekundu. Ndani mna biskuti za bati, jemu, chokoleti, juisi ya boksi na pengine chupa ya mvinyo. Kampuni humpa mteja wake, mteja humpa bosi wake, na bosi, kwa kuwa nyumbani kwake yapo mengine manne, humpa dereva. Kapu moja huweza kuzunguka mji mzima bila mtu hata mmoja kujiuliza kama anayepewa anapenda biskuti.

Leo nataka tuzungumzie zawadi ya chakula kwa mtu anayependa kula. Simsemi mlafi. Mlafi hana shida, maana yeye hula chochote. Namsema yule ambaye ukimwekea sahani mbele yake atauliza kitu hiki kimetoka wapi, kimekaushwa kwa jua au kwa moshi, na nani amekipika. Mtu wa namna hiyo hadanganyiki kwa utepe.

Kwa kuwa dakika zetu ni chache, nitachukua mfano wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Desemba ndiyo mwezi ambao wenyeji wa huko hurudi kwao kutoka kila pembe ya nchi, na wakati wa kuondoka hakuna anayeruhusiwa kutoka mikono mitupu. Mabasi yanayoanza safari ya zaidi ya kilomita 1,400 kwenda Dar es Salaam huondoka na maboksi, vikapu na mikungu ya ndizi. Kila mzigo una jina la mtu anayeungoja.

Tuanze na senene, kwani ndiye anayeulizwa kwanza. Senene si nzige wa kuharibu mashamba, ingawa ni jamaa yake. Huruka kwa makundi usiku katika misimu ya mvua, na msimu mkubwa katika pwani ile ya Ziwa Viktoria ni Novemba na Desemba. Zamani walikamatwa alfajiri kwenye majani, wakiwa wazito kwa umande. Siku hizi wengi hunaswa kwa taa kali na mabati: mdudu hufuata mwanga, hugonga bati, huteleza na kuangukia ndani ya pipa.

Baada ya hapo huanza kazi ambayo mlaji wa mjini haioni. Kila senene hunyonyolewa mabawa, miguu na papasi, mmoja mmoja, kwa vidole. Kisha huoshwa, hutiwa chumvi, huchemshwa au hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe, na wa safari hukaushwa. Kikombe kimoja cha senene safi ni kazi ya muda mrefu, na mara nyingi ni kazi ya akina mama na watoto.

Hapa kuna jambo la kutafakari. Katika mila za zamani za Wahaya, mwanamke alikusanya senene na kuwaandaa, lakini kula ilikuwa haki ya mwanamume. Majirani zao Waganda walikuwa na desturi iliyokaribia haki kidogo: mke akimletea mumewe senene, mume alitarajiwa kumnunulia gomesi mpya. Leo, tushukuru, senene huliwa na wote. Lakini swali la nani anafanya kazi na nani anafaidi halijaisha. Limehama kutoka jikoni na kwenda sokoni. Senene hupita mikono mitatu au minne kabla ya kufika kwenye pakiti yenye lebo huko Dar es Salaam, na kila mkono huongeza bei. Yule aliyenyonyoa mabawa hadi vidole vikawasha ndiye anayepata sehemu ndogo kuliko wote. Wanaokesha chini ya zile taa nao hulalamikia macho na ngozi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: ukiwa Bukoba, nunua kwa aliyemwandaa. Sokoni wamo, na kwenye njia za kuingia mjini wamo. Msalimie kwa heshima, mwite Ma kama inavyompasa mama wa Kihaya, kisha umuulize, "Hawa ni wa lini?" Atakujibu, "Wa juzi, mwanangu, onja." Basi onja. Senene mzuri huvunjika kwa sauti mdomoni na harufu yake ni tamu. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa senene mkavu ni mafuta, na mafuta hayapendi joto wala kukaa. Akiwa na harufu kali ya mafuta yaliyochacha, au akilegea kama mkate uliolala nje, mshukuru mama na usogee kwa jirani yake. Nimewahi kuletewa pakiti nzuri ajabu, yenye picha na jina la duka moja la mjini, na ndani yake mlikuwa na senene wa msimu uliopita. Picha ilikuwa mpya kuliko yaliyomo.

Zaidi ya yote, mjue unayempelekea. Mtu ambaye mwili wake hukataa kamba au kaa anaweza pia kudhurika na senene, kwa kuwa wadudu na viumbe hao wa majini wanafanana katika baadhi ya protini zao. Muulize kabla. Tena, ukimpelekea rafiki Mganda, ujue kwamba katika Buganda uko ukoo wa Nsenene, na watu wa ukoo huo hawamli mdudu aliyewapa jina. Utakuwa umemletea mtu jamaa yake ndani ya pakiti.

Wapo wanaoona aibu kumpa mtu mdudu, wakidhani ni zawadi ya kishamba. Hao nawakumbusha kisa cha Novemba 2021, pale abiria mmoja alipoonekana kwenye video akiwauzia wenzake senene ndani ya ndege ya Uganda Airlines iliyokuwa ikienda Dubai. Shirika lilikemea fujo ile, lakini likasema pia linafikiria kuwaingiza senene katika orodha ya vyakula vyake. Abiria waliokuwa wakinyoosha mikono yenye noti hawakuonekana na aibu yoyote.

Zawadi ya pili ni kahawa, wala sisemi ya kunywa tu. Muda mrefu kabla ya wakoloni kuifanya kahawa zao la kuuza nje, Wahaya waliitafuna. Matunda ya robusta huchumwa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha huanikwa juani siku kadhaa hadi yawe makavu na meusi. Hufungwa kwa magome makavu ya mgomba katika vifurushi vidogo. Mgeni akifika, kabla ya chakula na kabla ya habari nzito, hupewa kahawa atafune.

Na ilikuwa na uzito kuliko ukarimu wa kawaida. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Watu wawili wasio ndugu walipotaka kuwa ndugu, kila mmoja alichukua punje moja, ikapakwa damu ya mwenzake, akaimeza. Kupanda mibuni nako hakukuwa kwa kila mtu, bali chini ya mamlaka ya wakama, yaani wafalme wa Kihaya. Ukimpa mpenzi wa chakula kifurushi hiki na kumweleza habari hii, umempa kitu ambacho hakuna kapu la duka linaloweza kumpa. Mtahadharishe tu kwamba robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, asije akatafuna kumi usiku na kukulaumu alfajiri. Kwa asiyeweza kutafuna, ipo kahawa ya unga ya Tanica, inayotengenezwa hapo hapo Bukoba.

Kuhusu samaki nitasema kwa kifupi. Sato aliyekaushwa vizuri kwa moshi husafiri salama na hupendwa na wengi. Ila usishawishike kununua sangara wachanga kwa kuwa ni rahisi. Sheria ya uvuvi inataka sangara anayevuliwa asipungue sentimita 50. Zawadi isiyofikia kipimo hicho inakula samaki wa mwaka ujao.

Sasa nije kwenye ndizi, ambako ndiko penye hatari kubwa. Mhaya akipenda mtu humpa mkungu, na akimpenda zaidi humpa mche. Enshakara na enchoncho za kupika, enkonjwa za kuchoma, zilisambaa kutoka kibanja hadi kibanja kwa njia hiyo: binti aliolewa akaenda na machipukizi ya kwa mama yake, rafiki alisifu ndizi za rafikiye akaondoka na mche. Kibanja cha Mhaya kimejaa zawadi za watu, wengine wakiwa wamekwisha kufa.

Lakini mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulithibitishwa wilayani Muleba. Ni ugonjwa wa bakteria. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukikata tunda unakuta ndani rangi ya kutu. Dawa ya kumponya mgomba ulioshikwa hakuna. Hubebwa na wadudu wanaotembelea ua la chini ya mkungu, hubebwa na panga lisilosafishwa, na, jambo la kusikitisha, hubebwa na machipukizi. Ile ile zawadi ya upendo ikawa njia ya kupeleka msiba kwenye shamba la mwenzako. Familia iliyoishi kwa migomba vizazi vitano ilijikuta inang'oa kibanja na kununua unga wa mahindi.

Kwa sababu hiyo nasema bila kuficha: msimu huu mpe mtu ndizi za kula, na miche uiache. Kata vichana kutoka mgomba wenye afya, visafirishe kwenye boksi, na uache nyuma mabua na majani. Kama rafiki yako wa Morogoro au Kilimanjaro anatamani kuotesha enshakara kwake, mwelekeze kwa wataalamu wa kilimo wampatie miche iliyokaguliwa. Kumnyima chipukizi leo ni kumpenda.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi naongeza kwamba katika chakula, kutoa kunataka pia macho na masikio. Kabla ya kutoa fedha yako jiulize maswali matatu. Nani atakula kitu hiki, na je, anakipenda au kinamdhuru? Nani amekitengeneza, na je, fedha yangu itamfikia? Na kikisafiri, kitafika kikiwa chakula, au kitafika kikiwa uchafu au ugonjwa?

Kapu la duka halikuulizi swali lolote kati ya hayo, na ndiyo maana ni rahisi kulinunua. Sina ugomvi na wenye maduka. Lakini mama mmoja wa Muleba mwenye ungo wa senene akiuza kwa bei ya haki Desemba hii, Januari atanunua madaftari na sare za shule. Fedha ya biskuti za bati inakwenda mbali mno kurudi katika kijiji hicho.

Nami sisemi kwamba kila mtu apande basi kwenda Bukoba. Kila mahali pana chake: Tabora wana asali, Pemba wana karafuu, Kyela wana mchele. Muulize mtu wa huko akuonyeshe anayeandaa vizuri. Atafurahi kuulizwa, na utakuwa umepata zawadi pamoja na habari za kuisindikiza.

Nawatakieni sikukuu njema, na hamu njema ya kula. Hadi wiki ijayo, kwaherini.