Fukuto Halitibiwi kwa Baridi

Msikilizaji, kaskazi ikishaanza kuvuma, maduka ya vifaa vya umeme pale Kariakoo hayapumui. Kila anayeingia anatafuta AC, na swali lake la kwanza ni hili: ipi inapiga baridi zaidi? Maoni yangu leo ni kwamba swali hilo limetugharimu sana sisi watu wa Pwani. Tunanunua baridi, ilhali kinachotutesa ni unyevu.

Mtazame anayetoka Dodoma kuja Dar es Salaam. Kule, mchana wa Oktoba, kipimajoto kinaweza kusoma nyuzi 31, naye akakaa chini ya mti akaona raha. Akifika hapa Februari, nyuzi 32, shati linamganda mgongoni kabla hajamaliza chai. Kwa nini? Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho halipozi mpaka likauke. Hewa kavu ya Dodoma hulinyonya papo hapo. Hewa ya Dar imekwisha kushiba maji, kwa hiyo jasho linatiririka bure. Hilo ndilo fukuto.

Na maji yenyewe si kidogo. Chukua chumba cha mita 4 kwa 4, dari mita 3 juu. Joto likiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, hewa ya chumba hicho imebeba kama lita moja ya maji. Mlango ukifunguliwa, mengine yanaingia. Ndiyo maana bomba la AC hudondosha maji nje mchana kutwa: yalikuwa yanaelea chumbani mwako.

Mashine hii, kwa kweli, ilibuniwa kwa kazi hiyo hasa. Mwaka 1902, mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, alisanifu mtambo kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York. Karatasi zilikuwa zikivuta unyevu, zinatanuka, zinasinyaa, na rangi haziketi mahali pake. Alichotakiwa kudhibiti ni unyevu. Starehe ya watu ilifuata baadaye.

Sasa tuone tunavyokosea. Chumba kidogo cha kulala kinachotoshwa na AC ya BTU 9,000 tunakifungia ya 18,000, eti kubwa ndiyo bora. Inashusha joto kwa dakika chache, kompresa inazima, unyevu haujapata wa kuukamua. Chumba kimepoa, lakini shuka bado zinanata. Mwenye nyumba anashika rimoti, anateremsha hadi 16, kisha anajifunika blanketi. Uniti za LUKU zinakwisha, na nyuma ya kabati ukuta unaota ukungu.

Halafu kuna zile feni za kujazwa maji. Hizo hupoza hewa kwa kuitia unyevu. Dodoma au Singida, wakati wa kiangazi, ni kifaa cha maana. Ukiiwasha Tanga au Mombasa umefunga dirisha, umenunua fukuto kwa hela yako.

Kosa kubwa kuliko yote ni kukaa katikati. AC inanguruma, vioo vya luva havifungi vizuri, chini ya mlango panya anapita, na nguo mbichi zimeanikwa sebuleni. Hapo unajaribu kukausha mtaa mzima. Nyumba ya Pwani ina njia mbili: ifungue upepo upite, au ifunge uikaushe hewa.

Ukiamua kufunga, ziba mianya kwanza. Nunua AC inayolingana na chumba. Ya inveta ni nzuri zaidi, kwa sababu hupunguza mwendo badala ya kuzimika kila mara. Iweke 25 au 26, na pangaboi lizunguke taratibu. Kwenye rimoti tafuta alama ya tone la maji: ndiyo hali ya kukausha hewa, na wengi wetu hatujawahi kuibonyeza. Kipimaunyevu kidogo cha ukutani kikikusomea kati ya asilimia 40 na 60, mwili wako utakuwa umeshaona tofauti.

Na asiye na AC? Huyo ndiye ninayemtetea zaidi, kwa sababu walio kama yeye ndio wengi. Bati tupu bila dari linakumwagia joto kichwani kutwa nzima. Fedha ya kwanza iende kwenye dari, na madirisha yatazamane ili upepo upate pa kuingilia na pa kutokea. Waliojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar walitumia kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, wakaacha ua katikati na vichochoro vyenye kivuli. Sisi leo tunaelekeza kioo kipana kwenye jua la magharibi, kisha tunamwita fundi aje atuokoe.

Kwa hiyo, msikilizaji, fundi akija kukutajia bei ya AC, mwulize kwanza: chumba umekipima? Madirisha umeyakagua? Kama jibu ni hapana, mshukuru, mpe maji ya kunywa, utafute fundi mwingine.