Tuwaonyeshe Wazee Ardhi Itakavyokuwa



Tunaposherehekea hapa Uingereza uhuru wa Kenya wa tarehe 12 Desemba 1963, tukumbuke kwamba waliopigania uhuru walidai ardhi. Leo tuongee juu ya ardhi iliyochimbwa madini.

Kule Kwale, mgodi mkubwa wa titani ulimaliza kuchimba mwishoni mwa 2024. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mchimbaji awe na mpango wa kurekebisha ardhi na kufunga mgodi. Lakini mipango ya namna hii huandikwa kitaalamu, imejaa majedwali na ramani. Mzee akiulizwa barazani kama amekubali, atakubali kitu asichokiona?

Hapo ndipo tunapowahitaji vijana wetu, hata wale tunaowagombeza kwa michezo ya kompyuta. Vipimo vya ardhi vinavyochukuliwa na ndege zisizo na rubani huingizwa kwenye programu, nayo huchora vilima, maji na miti. Ukivaa miwani ya uhalisia pepe, unageuza kichwa na kuona mteremko ulivyo mkali, au bwawa lilivyo karibu na njia ya watoto wa shule. Unaweza kuonyeshwa mwaka wa kwanza, wa kumi, hata wa ishirini.

Vijana, tunawaomba jambo moja: msichore kijani kibichi peke yake. Pale Bamburi, Mombasa, kazi ya kupanda miti katika machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji ilianza 1971. Kati ya aina 26 za miti zilizojaribiwa, ni 3 tu zilizostahimili, mmojawapo mvinje. Majongoo waliletwa wale majani yake makavu ili udongo upatikane. Leo mahali hapo ni Haller Park, lakini msitu ulichukua miaka mingi. Picha inayoficha miaka hiyo inawadanganya wenye ardhi.

Basi mkienda likizo, waulizeni babu na bibi kisima kilikuwa wapi, njia ilipita wapi, makaburi yako wapi. Hayo yachoreni kwanza, kisha muwape wao miwani waseme palipokosewa, kabla mpango haujatiwa sahihi.

Tunawatakia nyote sikukuu njema.