Dawa za Kuongeza Damu na Mizani ya Maabara

Upungufu wa damu una vyanzo vingi, na mtishamba hauwezi kupimwa sawasawa kabla chanzo hakijajulikana. Katika mwambao wa Kilifi nchini Kenya, damu ya mtoto huweza kupunguzwa na malaria, minyoo, siko seli au ukosefu wa madini ya chuma.

Miongoni mwa mimea inayosifiwa kuongeza damu ni mlonge na choya. Nchini Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliorodhesha mimea ambayo wenyeji huitumia kutibu upungufu huo. Orodha ni hatua ya kwanza tu. Wala wekundu wa maji ya choya si ushahidi, kwa kuwa hautokani na chuma, bali na rangi asilia ya ua. Kwa hiyo maabara hupima chuma chenyewe, vitamini C inayosaidia kifyonzwe, na polifenoli zinazokizuia. Usalama nao huchunguzwa, hasa kwa wajawazito.

Ndipo hufuata majaribio kwa watu, ambayo nchini Kenya huidhinishwa na kamati za maadili na Bodi ya Dawa na Sumu. Washiriki hugawanywa kwa kura: wengine hupewa mmea kwa kipimo maalumu, wengine vidonge vya chuma. Himoglobini hupimwa kwa tone la damu ya kidoleni, mwanzoni na mwishoni.

Hata hivyo, mtoto mwenye viganja vilivyopauka na anayehema kwa shida apelekwe hospitali mara moja. Huenda akahitaji kuongezewa damu, na hakuna jani linaloweza kuchukua nafasi ya damu hiyo.