HEMA JUU YA NJIA YA WATU
(Mazungumzo na wanaushirika wa Misugusugu, Kibaha)



Tarehe 15 Oktoba 2011 wanafunzi, wastaafu na watu wasio na kazi walikusanyika mjini London wakikusudia kupiga kambi mbele ya Soko la Hisa. Hasira yao ilikuwa na sababu. Mabenki yaliyoyumba mwaka 2008 yaliokolewa kwa fedha za umma, kisha mwananchi wa kawaida akaambiwa ajifunge mkanda. Uwanja wa Soko hilo ulikuwa mali ya watu binafsi, na polisi waliuziba. Ndipo wakatua hatua chache kutoka hapo, kando ya kanisa kuu la Mtakatifu Paulo.

Aliyeitembelea kambi hiyo Januari 2012 alikuta mahema yamebanana katika baridi, jiko likigawa chakula bure, hema la vitabu, na jingine la mihadhara lililoitwa Chuo Kikuu cha Mji wa Mahema. Mikutano ilifanyika hadharani. Aliyekubali alipunga vidole juu, aliyekataa aliviinamisha, na kila mtu alingoja zamu yake ya kusema. (Iko mikutano mikuu ya vyama vyetu ambamo mwanachama hungoja soda tu.) Kanisa lenyewe liligawanyika: Kasisi Giles Fraser, aliyewaunga mkono tangu mwanzo, alijiuzulu tarehe 27 Oktoba 2011 kwa kuchelea watu hao wasije wakaondolewa kwa nguvu.

Tarehe 18 Januari 2012 Mahakama Kuu iliipa ushindi Halmashauri ya Jiji. Wakaaji walikuwa wakizungumza juu ya mabenki na umaskini; mahakamani swali zito lilikuwa njia ile ni ya nani, na nani ameruhusiwa kusimika hema juu yake. Hapo hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Rufani ilikataliwa tarehe 22 Februari. Usiku wa kuamkia tarehe 28 walifika madalali wa mahakama pamoja na polisi, jiko na vitabu vikaondolewa.

Katika nchi hiyo hiyo, mwaka 1844, mafundi fukara wa Rochdale, wakiwemo wafumaji, walichanga pauni 28. Hawakuwa na nyumba. Walipanga chumba cha chini cha ghala. Lakini kanuni zao waliziandikisha kisheria mwezi Oktoba, kabla ya kufungua duka tarehe 21 Desemba. Hakuna aliyeweza kuja usiku kuwafukuza kama wapita njia.

Ndugu, Misugusugu iko kando ya barabara kuu ya Morogoro, na kila mwaka viwanja hupimwa, huuzwa, hubadili wenyewe. Viko vyama vyenye ghala imara lililojengwa kwa jasho la wanachama juu ya ardhi aliyoitoa mzee kwa mdomo tu. Mzee akifariki, watoto huja na wapimaji. Chama kilichoandikishwa kinaweza kumiliki ardhi kwa jina lake chenyewe. Haki hiyo isikae bure kabatini. Katika mkutano mkuu ujao, mwanachama asimame, amwulize Katibu hati ya kiwanja cha ghala iko wapi, na imeandikwa jina la nani.