Kupenyeza Maoni katika Habari: Kitenzi Kisichokuwepo na Vitenzi Vilivyopo



Kiingereza kina kitenzi "editorialize", kinachotaja kosa la mwandishi kuchanganya maoni yake na habari. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha namna hiyo. Nomino "tahariri" ipo, nayo hutaja makala yenye msimamo wa gazeti. Lakini kitenzi "kuhariri" kimekwisha kutwaliwa na maana ya kusahihisha na kusanifu matini. Hivyo mwandishi wa Mbeya au Iringa anayetaka kumwonya mwenzake hana budi kukopa, au kusema "umepenyeza maoni".

Kirai hicho kinatosha, tena kinaeleweka kuliko mkopo. Tatizo lenyewe liko kwingine. Maoni hayaingii kwa sentensi nzima tu. Huingia hata kwa kitenzi kimoja. "Alisema" huarifu, "alidai" hutia shaka, "alikiri" humtwika msemaji lawama, "alibainisha" humkubalia kwamba asemayo ni kweli.

Mfano mzito unatoka Iringa. Tarehe 2 Septemba 2012, Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na Mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari Mkoa wa Iringa, alipoteza maisha kijijini Nyololo, wilayani Mufindi, akiripoti shughuli za CHADEMA zilizotawanywa na polisi. Mhariri angeweza kuandika "alifariki", "alilipukiwa na bomu" au "aliuawa". Kitenzi cha kwanza hakimhitaji mtenda. Cha pili hulifanya bomu kuwa chanzo. Cha tatu, kwa kauli ya kutendwa, hudai kuwepo kwa mtenda hata asipotajwa.

Je, kuandika "aliuawa" kulikuwa kupenyeza maoni? La. Picha zilizochapishwa zilimwonyesha akiwa amezingirwa na askari. Maoni yangekuwa kuongeza "kwa makusudi" kabla ya hukumu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimtia askari polisi hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikamhukumu kifungo cha miaka 15. "Aliuawa" lilisimama, "kwa makusudi" lisingesimama.

Kwa hiyo mwandishi anayekimbilia "alifariki" ili asionekane ana upande naye amekwisha kuchagua upande. Uadilifu wa habari haungoji istilahi mpya. Unadai mwandishi ajue uzito wa kila kitenzi alicho nacho.